Kidari cha Ng'ombe wa Keki

Pale Izia, mtaa wa Sumbawanga, ukimuulizia Bertilla kwa jina la ubatizo utapelekwa nyumba tatu zisizo zake, maana Ufipa haijawahi kupungukiwa akina Bertilla. Ulizia Mama Keki. Hapo hata mtoto aliyetumwa chumvi ataacha safari yake akupeleke mpaka mlangoni, akitumaini kuambulia vile vipande vya pembeni vinavyokatwa keki inaponyooshwa.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida, ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake kuna kishamba cha mahindi. Lakini chumba ambacho kwa wengine kingekuwa sebule, kwake kina oveni ya gesi, meza ndefu na kabati la kioo lililojaa rangi za vyakula, nozeli za kupambia na vibao vya kuwekea keki. Mumewe, Yusto, ni seremala. Yeye ndiye anayechonga vibao hivyo, na wageni wake huwapokelea jikoni. Hajawahi kulalamika.

Sifa ya Bertilla ni keki za ghorofa, na si ghorofa tupu. Mtoto wa wakala mmoja wa forodha kule Kasesya alitengenezewa lori zima juu ya ghorofa mbili, turubai lake limefungwa kamba. Mama anayeuza migebuka ya Kipili alipata boti iliyosheheni samaki wa sukari, kila samaki na jicho lake. Watu walipiga picha, wakatumiana, na simu ya Bertilla ikawa haitulii. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mke wa Yusto alikuwa amesifiwa muda mrefu.

Hapo ndipo alipokuja Hellena.

Hellena na Bertilla walikuwa wakiimba pamoja kwaya ya parokia, sauti ya pili, wakishika kitabu kimoja. Siku Hellena alipoolewa, Bertilla ndiye aliyemsimamia, akamshikia maua na kumfuta jasho. Aliolewa na Steven, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake, Mzee Masalu, alihamia Rukwa zamani akiswaga ng'ombe kutoka kaskazini, akaweka mji wake chini bondeni, pale barabara inapomaliza kushuka kona za mlima na joto linapokupokea kama mlango wa oveni. Steven ndiye mtoto wa mwisho, na mtoto wa mwisho hakai mbali na baba. Basi binti wa Kifipa aliyezoea baridi na ugali wa ulezi akashuka bondeni kuishi na wafugaji.

Hakuonewa. Ukweli usemwe, Mzee Masalu alimpokea vizuri, na alipojifungua mtoto wa kwanza alimpa ng'ombe mtamba. Jambo lilikuwa moja tu: mzee hakula chakula chake. Hellena akipika, mzee alisema ameshiba, au aliita wajukuu wamalize. Chakula cha mzee kilitoka kwa Debora, binti yake mkubwa aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, na ambaye hakuona sababu ya kugawana heshima hiyo na mtu. Mzee aliwahi kusema kwa utani kwamba mtu aliyekulia kwenye ulezi hajui kumpikia mwenye ng'ombe. Utani ule ulikaa miaka. Na mkamwana ambaye baba mkwe hali chakula chake, hata akizaa watoto kumi, katika mji ule ni mgeni aliyekaa sana.

Sasa wana wa Masalu wakaamua kumfanyia baba yao sherehe ya kuzaliwa. Siku yenyewe mzee hakuijua. Kitambulisho chake kimeandikwa tarehe mosi Julai, kama cha nusu ya wazee wa bonde lile, na mwaka huo tarehe mosi iliangukia Jumapili. Hellena akaomba yeye alete keki. Debora akakubali huku akicheka, kwa kuwa kwake keki ni mchezo wa watoto. Lakini Steven alipompelekea baba yake habari hiyo, mzee naye alicheka, akasema mbele ya watu kwamba kama keki hiyo itakuwa ng'ombe, basi ataila.

Hellena alipanda hadi Izia na neno hilo kifuani. Kwenye simu alikuwa na picha ya ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni na pembe moja iliyoinama. Alieleza kwamba huyo ndiye ng'ombe jike ambaye mzee aliingia naye Rukwa, na kundi lote lililopo limetoka tumboni mwake. Alikufa kwa uzee mwaka uliopita, na mzee hakutaka nyama yake iliwe. Hellena alimtaka huyo, amesimama juu ya ghorofa mbili zilizopambwa kama majani.

"Da Bertilla, naomba kila kitu kilike," alisema. "Baba akikuta kwangu kitu kisicholika, sitapata siku nyingine."

"Kitalika mpaka kwato," Bertilla akamjibu.

Alimaanisha. Tatizo ni kwamba alishamaanisha kwa watu wengine pia. Jumapili ileile parokia ilikuwa na Komunyo ya Kwanza, na familia tatu zilishaagiza keki za misalaba, vikombe na njiwa. Yusto alimkumbusha mara mbili kwamba oveni ni moja. Bertilla alimwambia ashughulike na mbao zake. Mshika mawili moja humponyoka, na yeye alishika manne.

Jumamosi asubuhi mambo yalikwenda. Ghorofa za chini za Hellena ziliiva vizuri, zikapoa kwa ule upepo wa Julai unaofanya Sumbawanga isihitaji friji. Akafuata mwili wa ng'ombe. Keki nene ya kuchonga inataka moto mdogo na subira. Inakaa motoni mpaka katikati pakauke, na huwezi kuiharakisha kama vile huwezi kuharakisha mimba. Lakini mchana ulikuwa unakwisha, keki ya njiwa ilikuwa bado mbichi mezani, na mwenye njiwa alishapiga simu kuuliza. Bertilla akafungua oveni, akabonyeza mwili ule kwa kidole, akajiambia umeiva. Alijua haujaiva. Kidole kilimwambia, naye akakataa kusikia.

Aliutoa, akaingiza keki ya njiwa. Baada ya muda mfupi mwili wa ng'ombe ulikaa katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Alipoupasua, ndani palikuwa na uji.

Angeweza kumpigia simu Hellena. Angeweza kumwambia mwenye njiwa asubiri. Badala yake macho yake yalikwenda juu ya kabati, mahali lilipokuwa boksi la televisheni yao mpya, na ndani ya boksi lile yale maboya meupe magumu yanayozuia kioo kisivunjike. Waokaji wanajua kazi yake. Keki nyingi za harusi zenye ghorofa tano unazoziona ukumbini, tatu kati yake ni boya lililovikwa sukari, na mwenye harusi anajua, amekubali, na amepunguziwa bei. Wanaliita dami. Hakuna dhambi ndani yake mtu akiambiwa.

Bertilla alilichonga kwa kisu cha mkate, akalisugua kwa msasa wa Yusto, akalipaka maji mazito ya sukari, kisha akalivika fondanti, ule unga wa sukari unaokandwa ukawa laini kama udongo wa kufinyangia. Akapaka wekundu, akaweka baka jeupe, akainamisha pembe. Na hili ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote: alifurahi. Boya halilegei wala haliinami. Lilipokea kila mkunjo wa shingo na kila mfupa wa nyonga. Hakuwahi kutengeneza mnyama mzuri namna ile. Alisogea nyuma akamtazama, akatabasamu peke yake.

Yusto aliingia, akaona mabaki meupe sakafuni, akaelewa. Alimwambia ampigie Hellena amwambie mapema. Bertilla akasema atamwambia akifika, ana kwa ana, ndiyo heshima. Halafu, akaongeza, nani anakata sanamu? Watu hukata ghorofa ya chini, wanalishana, wanapiga picha. Sanamu linawekwa kabatini mpaka liote vumbi. Ndivyo walivyofanya wenye lori na wenye boti. Yote hayo ni kweli kwa watu wa mjini.

Jumapili alikodi gari aina ya Noah, akaziweka ghorofa mbili nyuma, ng'ombe akampakata. Yeye na dereva waliondoka wamevaa masweta. Kona za mlima zilipoanza wakayavua. Kila walivyozidi kushuka, siagi ya ghorofa za chini ilizidi kutoka jasho, na Bertilla alikuwa akiipepea kwa kanga. Ng'ombe hakutoka jasho. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: mwanzo atasema hivi, kisha hivi, Hellena atakunja uso kidogo, kisha watapanga namna ya kumweka ng'ombe pembeni kabla ya kukata.

Walipofika, Hellena alikuja mbio akiwa na kitenge kipya. Alimwona ng'ombe, akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. Alimshika Bertilla bega, akanong'ona akiuliza kama vyote vinalika.

"Vyote," Bertilla akasema.

Neno moja. Maneno yote aliyoyapanga kwenye kona yalipotea, na hilo moja likatoka lenyewe, kama lilikuwa limesimama mlangoni.

Mji wa Masalu ulijaa. Ng'ombe wa kweli wawili walishachinjwa, masufuria ya pilau yalikuwa yakitoa moshi, na vijana walikuwa wamefunga spika kwenye mti. Mzee aliketi kwenye kiti cha mbao katikati, koti la suti juu ya shuka, ndevu nyeupe zimechanwa. Bertilla alimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye meza. Alikuwa amemwona ng'ombe. Aliinuka, akaja taratibu, akamzunguka. Alinyoosha kidole akagusa ile pembe iliyoinama, akamtaja ng'ombe kwa jina lake la Kisukuma, kwa sauti ya chini, na wanawe wakatazamana.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mzee atakata keki. Akampa kisu cha plastiki chenye utepe, akamwonyesha ghorofa ya chini, pale kwenye majani. Mzee aliyatazama majani.

"Mnyama ameletwa, nyie mnanionyesha malisho," alisema, na watu wakacheka. "Kwetu mnyama akiletwa anagawiwa. Kidari cha mwenye mji. Paja la aliyemleta."

Akamwita mkamwana wake asogee mbele. Hellena akasogea, akapiga magoti. Kwa watu wa pale hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata Debora, aliyekuwa amekunja mikono kwenye mlango wa jiko, aliikunjua. Mzee akarudisha kile kisu cha utepe, akachomoa chake cha kuchinjia, akakifuta kwenye shuka.

Hapo palikuwa na nafasi. Bertilla alisimama hatua chache tu kutoka mezani, na kisu kilikuwa bado hewani. Angeweza kusema, ngoja baba. Badala yake akajikuta anazipanga sahani.

Kisu kilipoingia kifuani mwa ng'ombe kilipiga kelele, ile kelele ya boya inayofanya meno yaume. Mzee alishangaa kidogo, akakaza mkono, akakata. Punje nyeupe ziliruka, zikamganda kwenye koti na kwenye ndevu. Kipande kilitoka, chekundu nje, cheupe ndani. Na kwa kuwa alikuwa ameshatoa ahadi mbele ya watu, na mzee wa namna ile hatazami mara mbili kitu alichopewa, alikitia mdomoni.

Alitafuna. Watu wote walimwona anatafuna. Kisha akaacha, akainamisha kichwa, akatema kwenye kiganja punje nyeupe zenye mate.

Watoto ndio waliocheka kwanza. Mtu mzima mmoja akacheka, akanyamazishwa. Debora akasema, bila kupaza sauti, kwamba baba amelishwa boksi.

Mzee alimtazama mkamwana wake. Hellena alimtazama Bertilla. Macho yale Bertilla anayaona mpaka leo anapochekecha unga: hayakuwa na hasira, yalikuwa yanauliza tu. Yalimsubiri. Bertilla alikuwa na sahani mkononi na hakusema kitu, na aliendelea kutosema kitu, mpaka Hellena alipogeuka akainama, paji la uso likagusa vumbi.

"Ni kosa langu, baba," alisema. "Fundi aliniuliza, mimi ndiye niliyemwambia aweke asiyelika, nikiogopa joto la njiani. Nisamehe."

Mzee alikiweka kisu mezani, akajipangusa kiganja kwenye koti, akaenda zizini kwake. Muziki ulizimwa, watu wakala pilau wakiwa wameinama. Ghorofa za chini, ambazo zilikuwa keki halisi na tamu, hazikuguswa na mtu.

Kwa nini Hellena alifanya vile? Bertilla alijiuliza njia nzima wakati Noah ikipanda kona, masweta yakivaliwa moja moja. Labda alitaka kumwokoa. Labda alijua tu kwamba kwa wakwe zake aibu yoyote iliyoingia na yeye ni yake, hata afanye nini, basi akaipokea kabla hajatupiwa. Kwa vyovyote, mtu aliyemshikia maua siku ya harusi alimwacha peke yake mavumbini.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yake hayakuchelewa kuzaliwa. Yalifika naye nyumbani. Alimpigia Hellena simu, haikupokelewa. Akapiga kesho yake, na keshokutwa, ikawa hivyo hivyo. Na kana kwamba anaadhibiwa kwa sukari, kazi zilizidi. Maana picha ya ng'ombe yule ilisambaa hadi Mpanda, na waliosikia habari ya boya walisikia pia kwamba mke wa Steven ndiye aliyetaka hivyo. Wateja walimsifu. Mama mmoja alimwambia anapenda fundi anayefanya kama alivyoagizwa. Bertilla alishukuru, akaenda chooni akalia.

Boya lililobaki alilichoma nyuma ya nyumba, likatoa moshi mweusi uliowakera majirani, na halikumpunguzia kitu. Yusto hakumwambia "nilikuambia", na hilo nalo lilimuumiza. Angegombezwa angepata wa kugombana naye.

Mwishowe alikwenda kuungama. Alieleza yote kwa padre, tangu kidole kilichobonyeza keki mbichi mpaka sahani alizozipanga. Padre alimsikiliza, akamwambia kwamba kumwomba Mungu msamaha ni rahisi, Mungu hakutafuna boya. Aende akaseme ukweli palepale alipodanganya.

Basi akaoka upya. Safari hii hakuchukua agizo jingine lolote. Mwili wa ng'ombe aliuacha motoni mpaka ujiti wa mshikaki ulipotoka mkavu mara tatu, akauacha ulale, akauchonga taratibu. Hakutoka mzuri kama yule wa boya. Shingo ilikuwa nene, mgongo umebonyea, na pembe iliyoinama ilipasuka akaiunga. Lakini alikuwa keki mpaka kwato. Akakodi gari lilelile, akashuka.

Hellena alikuwa wa kwanza kumwona. Alikuwa anaanua mahindi nje ya mji, na alipolitambua gari alikuja haraka akalisimamisha kabla halijafika uani. Hakumkumbatia. Alichungulia, akamwona ng'ombe, akauliza amekuja kufanya nini.

Bertilla alishuka akasema yote kwa pumzi moja: kwamba amekuja kumwambia mzee ukweli, kwamba kosa lilikuwa lake peke yake, kwamba padre mwenyewe amemwagiza.

"Padre hakai hapa," Hellena akasema.

Akamvuta pembeni, nyuma ya ghala, akamweleza. Baada ya sherehe ile mzee alinyamaza siku nyingi. Kila asubuhi Hellena alimpelekea uji zizini, akapiga magoti, akaomba msamaha, akaurudisha uji ukiwa umepoa. Debora alikuwa anacheka. Asubuhi moja mzee alinyoosha mkono akaupokea. Aliunywa wote, kisha akawaita wanawe akawaambia kwamba nyumba yake ina watoto wengi wanaojua kufanya makosa, ila anayejua kusema "ni mimi" amemwona mmoja. Tangu siku hiyo chakula chake kinatoka jiko la Hellena.

"Amenisamehe kosa ambalo si langu," Hellena alisema, "na kwa msamaha huo nimekuwa mtu hapa. Sasa wewe uje umwambie nilimdanganya? Niwe nani tena?"

Bertilla alisema kwamba hawezi kuendelea kulibeba.

"Utalibeba. Mimi nililibeba mbele ya watu wote na wewe unanitazama." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Na mimi mwenyewe bado sijakusamehe, dada. Siku nikikusamehe nitakuambia. Twende, baba ameshaliona gari."

Mzee Masalu alikuwa ameketi kwenye kiti chake kilekile, bila koti. Alicheka alipomwona ng'ombe, akasema huyu amenenepa, bonde limempenda. Alichomoa kisu, akamgusa mnyama kifuani kwa ncha, kidogo kidogo, kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu, na wajukuu wakaangua kicheko. Kisu kikazama bila kelele. Akakata kidari, akala, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakata paja zima, akamwita mkamwana wake, akampa kwa mikono miwili. Debora alikuwa anatazama. Hellena alipokea, akalia, na yale machozi yalikuwa ya kweli, Bertilla aliyaona kuwa ni ya kweli.

Kisha mzee akamgeukia yeye. Alimwita fundi, akamwambia asogee, na Bertilla akasogea akapiga magoti kwenye vumbi, mahali palepale.

"Siku ile uliondoka hapa na aibu ambayo si yako," mzee alisema. "Ulitumwa, ukafanya ulivyotumwa, na watu wakakutazama vibaya. Mkamwana wangu huyu alikosa, nimemalizana naye. Lakini wewe hakuna aliyekuomba radhi, na leo umerudi na mnyama mwingine, hukuweka kinyongo. Mimi ni mzee wa mji huu. Naomba uisamehe nyumba yangu."

Mzee wa umri ule, mwenye ng'ombe wasiohesabika, aliinamisha kichwa kwa mwanamke wa Izia na kusubiri jibu. Hellena alikuwa ameshika lile paja la keki, akitazama kwingine kabisa.

Bertilla alifungua mdomo. Maneno ya padre yalikuwepo, yamekaa juu ya ulimi, mafupi na mepesi kuyasema.

"Nimewasamehe, baba," akasema.